Tiki ya Mbwa Mwekundu

Kilole, Korogwe
Alhamisi, alasiri

Hadija mwanangu,

Ukirudi kutoka kumuaga bibi yako utaikuta barua hii juu ya begi lako, na mimi sitakuwepo. Usihangaike kunitafuta. Baba yako anajua niliko, na kesho alfajiri yeye ndiye atakayekusindikiza stendi. Mimi nimetangulia Kabuku, nalala kwa mfanyakazi mwenzangu, kwa sababu kesho asubuhi kuna watu natakiwa kuzungumza nao kuhusu mtoto aliyeondolewa kwa baba yake kwa kosa langu. Ningeweza kukusubiri nikakueleza kwa mdomo. Ukweli ni kwamba nimeogopa uso wako.

Naandika kwa kalamu kwenye karatasi za daftari. Utaona nimekata maneno hapa na pale. Nimeyaacha hivyo hivyo, uone nilitaka kusema nini kabla sijabadili mawazo.

Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za watu wa kukaa nao mbali sitaandika. Una miaka ishirini na mitatu, umemaliza chuo cha mifugo, na huko Rukwa ulikopangiwa kazi watu watakuita daktari kabla hujagusa hata kuku. Nina jambo moja tu, nalo linahusu ile programu ya kuandikia uliyoniwekea kwenye simu.

Unakumbuka ilivyoanza. Ilikuwa likizo yako ya kwanza. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka unachambua mchele, ukaniona napekua madaftari kumtafuta ng'ombe mmoja wa Kwamsisi aliyezaa kwa shida. Madaftari yalikuwa kumi na moja, miaka kumi na saba ya kazi, mengine yameliwa na mchwa. Ukasema, "Dokta, hebu lete hiyo simu." Ulikuwa ukiniita Dokta kwa utani, tangu uliposikia vijijini wananiita bwana mifugo na mimi nimejifunga kanga. Hata uji haujapoa, ulikuwa umeshanifungulia akaunti, na ukurasa wa kwanza umeuandika wewe mwenyewe: Vitu vya sokoni. Nyanya, dagaa, sabuni, kiberiti. Ukanionyesha kwamba nikigusa kisanduku kidogo kilicho pembeni ya neno, tiki inaingia na neno linapigwa mstari. Nikagusa nyanya. Nikagusa dagaa. Nyanya zenyewe zilikuwa bado ziko sokoni, lakini nilifurahi kama mtoto, na baba yako akasema nyumba imepata mtu mwingine wa kuinamia simu.

Uanagenzi wangu ulikuwa wa kuchekesha, na wewe hukuniacha. Mwanzoni nilijaza kila kitu kwenye ukurasa mmoja, mbuzi wa watu, namba ya fundi bomba, siku ya kikao, mpaka nikawa nateremsha kidole kwenye kioo nusu saa kutafuta jambo moja. Ukaniambia nitenganishe. Nikatenganisha kwa hasira: nikafungua folda arobaini na moja. Kulikuwa na folda ya kuku wa Kwamsisi na folda ya kuku wasio wa Kwamsisi. Kurasa nilizipa majina ya Leo, Leo tena, na Leo jioni. Neno la siri la akaunti nililihifadhi humo humo ndani ya programu, ili nisilisahau, na siku simu ilipoliuliza nikakaa nje ya mlango wangu mwenyewe. Ulicheka mpaka chai ikakupalia.

Baadaye nilishika njia. Kaya moja, ukurasa mmoja. Juu jina la mwenye kaya na kijiji, chini yake tarehe, kisha nilichokiona na nilichokifanya. Folda zote nikazifuta nikabaki na tatu. Nikitaka mtu, naandika jina lake pale pa kutafutia, anakuja. Kule bondeni Kwamsisi mtandao hakuna, kwa hiyo nilikuwa naandika hivyo hivyo, maneno yanakaa ndani ya simu yakisubiri. Nikifika Kabuku nasimamisha pikipiki, naagiza chai, naangalia kile kiduara kinavyozunguka mpaka kitulie. Kikitulia najua kazi ya siku imepanda, hata simu ikitumbukia mtoni haitapotea.

Haya yote unayajua kuliko mimi. Nimeyaandika ili uone nilivyofika nilipofika. Katika miezi ile nilianza kuipenda orodha kuliko kazi yenyewe, na sikujiona.

Sasa sikiliza. Mahindi yakianza kukomaa, nusu ya mbwa wa Kwamsisi hawapo nyumbani. Wako mashambani na walinzi, wanalala chini ya dungu, ule ulingo wa mlinzi, mchana wanafukuza nyani na usiku wanafukuza nguruwe. Mgeni angesamehewa kwa kutolijua hilo. Mimi ni Mzigua, nimezaliwa huko, na utotoni nimelala dunguni na mbwa wamejikunja miguuni pangu. Ratiba ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilipangwa ofisini, ikaangukia humo humo kwenye mahindi, na mimi nikaipokea bila kusema neno. Nilikuwa nimeshaandaa kurasa. Kila kaya, na chini yake kila mbwa na kisanduku chake.

Tulichanjia karibu na shule. Watu walileta mbwa kwa kamba, kwa minyororo, wengine wamewabeba mgongoni kama magunia. Katika foleni akaja mtoto wa kike wa miaka saba, Mwanahawa, binti wa Mhina. Wazazi wake walikuwa msibani Handeni mjini. Alikuwa anavutwa na mbwa mweupe mkubwa kuliko yeye.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Mwenzake yuko wapi? Hapa kwenu nimeandika wawili."

"Yule mwekundu yuko dungu na babu."

"Mwambie babu amfunge. Nikimaliza hapa nitampitia jioni."

"Haya."

Nikamchoma mweupe. Kisha nikagusa visanduku viwili, kimoja baada ya kingine, tiki na tiki. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuwa na nia mbaya. Nilijua kwamba nitampitia, na kwangu jambo nililokwisha kulipanga lilikuwa kama limeshafanyika. Isitoshe ukurasa wenye kisanduku kitupu ulikuwa unanikera, na ule uliojaa ulikuwa unanipendeza.

Saa tisa mvua ikashuka. Barafu kwenye boksi la chanjo ilikuwa imebaki maji. Wewe unaujua ule udongo mweusi wa bondeni, pikipiki inazama mpaka usawa wa tangi la mafuta. Nikasema nitakuja kesho. Kesho yake nikaitwa ofisini Handeni, na simu haikunikumbusha kitu, kwa sababu kwa hesabu ya simu hapakuwa na kilichobaki. Daftari la zamani lingenisumbua. Pangekuwa na nafasi tupu mbele ya jina, na nafasi tupu nilikuwa nikiiona hata ukurasa ukiwa umelowa.

Mahindi yakavunwa, mbwa wakarudi majumbani. Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja Mhina akanipigia. Mhina ni mtu wa makamo, analima mahindi na ana mbuzi wachache, maneno yake machache, na hafanyi jambo bila kuuliza kwanza. Nilikuwa hapa hapa uani, mtandao mzuri, nimekunja miguu.

"Shikamoo daktari. Samahani kwa usumbufu."

"Marahaba, Mhina. Habari za huko?"

"Nzuri kidogo. Yule mbwa mwekundu kamuuma Mwanahawa mkononi, alikuwa anampa ukoko. Sasa mtoto anasema siku ile ya chanjo ulimwambia utampitia dungu. Nauliza tu, daktari. Ulimpitia?"

Nikafungua ukurasa. Mhina, Kwamsisi. Mbwa wawili, tiki mbili.

"Nilimpitia," nikasema. "Amechanjwa huyo. Mwosheni kidonda kwa sabuni na maji mengi."

"Nimpeleke hospitali?"

"Hakuna haja."

Wewe umesoma, Hadija. Unajua hata mbwa mwenye chanjo akiuma, mtoto anapelekwa kwa mganga wa hospitali akaangaliwe. Mimi nalijua hilo, nimelihubiri kwenye mikutano ya vijiji mpaka sauti ikanikauka. Siku ile sikulisema, kwa sababu nilikuwa na uhakika, na uhakika wenyewe ulitoka kwenye kioo. Sikujiuliza hata kama naikumbuka sura ya yule mbwa. Mtoto wa miaka saba alikuwa na kumbukumbu iliyonyooka kuliko yangu, na neno lake likashindwa na tiki.

Siku ya nne akapiga tena. Safari hii hakuamkia.

"Daktari, mbwa anatokwa na mate. Kang'ata mbuzi. Vijana wamemuua."

Hapo hapo nikakumbuka kila kitu: mvua, barafu iliyoyeyuka, matope. Nikamwambia ampeleke mtoto hospitali saa hiyo hiyo na mimi nakuja. Nikapanda pikipiki na kandambili miguuni.

Mwanahawa yu mzima. Nalisema mapema ili upumue. Alichomwa sindano siku ile na zile zilizofuata, hakukosa hata moja, na leo ana kovu dogo tu karibu na kidole gumba. Kama angekufa, sijui kama ningekuwa mtu wa kuandika barua.

Lakini siku ile sikujua kama atapona. Nilikaa kwenye benchi nje ya hospitali, Mhina yuko ndani anasemwa na mganga, siku nne zote alikuwa anangoja nini, na sauti inafika mpaka nje. Nikatoa simu. Nikagusa kile kisanduku cha pili, tiki ikatoka. Nikaandika pembeni: Mwekundu yuko shamba, hajachanjwa. Mwenye kaya amejulishwa. Kiduara kikazunguka, kikatulia. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa.

Nimetafuta sababu ya heshima nimeikosa. Niliogopa kazi, ndiyo. Zaidi ya hapo sikuweza kuvumilia kuonekana kwamba mimi, niliyekuwa nasifiwa kwa kumbukumbu safi, ndiye niliyeharibu. Na ilikuwa rahisi mno. Daftarini ningelazimika kukata kwa kalamu, na mkato ungeonekana, na mtu angeuliza. Pale hapakubaki hata doa.

Baada ya siku chache kukawa na kikao ofisi ya kijiji. Alikuwepo mkuu wangu wa kazi, mtendaji wa kijiji, Mhina, na kaka wa mke wa Mhina, mwenye duka Kabuku. Mhina alieleza yote kwa utaratibu: alipiga, aliuliza, alijibiwa. Mkuu wangu akanigeukia. Mimi nikampa simu tu. Akasoma kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na lile la mwenye kaya amejulishwa. Kila mtu akamwangalia Mhina, na Mhina akaniangalia mimi.

"Daktari, si nilikupigia?"

"Ulinipigia," nikasema. Nikaishia hapo.

Jibu lile lilikuwa la kweli, na sijawahi kutamka neno chafu kulizidi.

Wewe umekulia mjini, huenda hili hulielewi vizuri. Kwetu Wazigua mjomba ana sauti juu ya mtoto wa dada yake, na akiamua mtoto aondoke, baba anaweza kuomba lakini hawezi kulazimisha. Yule mjomba alisimama akasema, "Mtu kaambiwa mbwa hana chanjo, kakaa na mtoto siku nne ndani. Mtoto wa dada yangu harudi kwenye nyumba ile." Wiki hiyo hiyo Mwanahawa akahamishiwa Kabuku. Mama yake akamfuata mtoto. Mhina akabaki na mbuzi wake. Sasa ni mwaka wa pili.

Mimi nikapanda chati. Mkuu wangu alisema kwamba mama huyu kaokolewa na kumbukumbu zake, na nikatakiwa kuwafundisha wenzangu Handeni jinsi ya kuandika kwenye simu. Nilisimama mbele yao nikaeleza habari za kaya moja, ukurasa mmoja. Mmoja akauliza, "Ukikosea unafuta vipi?" Nikamwonyesha. Wewe ulikuwa umekuja likizo, ukanipiga picha nimeshika simu juu, ukaiweka kwenye ukurasa wako na maneno mawili, Dokta wangu. Niliiona. Niliipenda. Baadaye ukaanza kusema na wewe utakwenda kufanya kazi vijijini kama mama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ulichagua ukiniangalia, na ulichokiona nilikuwa nimekiiba.

Wiki iliyopita ukaniambia simu yangu imechoka, tuhamishie kila kitu kwenye ile mpya. Tulikaa mezani. Kurasa zikaanza kushuka moja moja, wewe unazifungua kuhakikisha zimefika salama. Ukafika kwa Mhina.

"Mama, huu una historia."

"Historia gani?"

"Programu inatunza kopi za zamani. Kila ulipobadilisha, ile ya kabla inabaki, na saa yake. Ona."

Ukanigeuzia kioo. Tiki mbili, siku ya chanjo. Chini yake, wiki kadhaa baadaye, tiki moja na maneno yangu. Mbwa wetu huko nje alikuwa anabweka na wewe ulikuwa umenikazia macho. Nikasema, "Acha tu." Ukaacha. Ukafungua ukurasa uliofuata, ukamaliza kazi, ukaenda kuosha vyombo. Tangu siku ile hujaniita Dokta. Sijui ulielewa kiasi gani. Wewe si mjinga, na tarehe zinasomeka.

Nilikaa siku mbili nikitarajia utauliza. Nilikuwa nimeshaandaa uongo, tena mzuri, wenye mvua na mtandao mbovu ndani yake. Hukuuliza. Nafikiri kama ungeuliza ningekudanganya, na leo ungekuwa unafunga begi na mimi nimekaa kitandani nakukunjia nguo.

Jumapili nilikuambia nakwenda kwa mgonjwa. Nilikwenda Kwamsisi. Nilimkuta Mhina uani anapukuchua mahindi peke yake, karai katikati ya miguu. Akaniletea kigoda. Hajawahi kunikosea adabu, hata baada ya kikao kile, nami nilikuwa nimemkwepa kwa kumtuma mwenzangu kila palipokuwa na kazi upande ule. Nikamwambia moja kwa moja. Nikamwambia sikumpitia yule mbwa, kwamba tiki niliiweka kabla ya kazi, na kwamba nilibadilisha maandishi nje ya hospitali yeye akiwa ndani.

Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha.

"Ulijua siku ile ya kikao?"

"Nilijua."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Akachukua gunzi jingine, akalishika tu. "Unajua, daktari," akasema, "mimi nilishaanza kuamini kwamba uliniambia. Watu wote wamesikia simu ikisomwa. Mke wangu kasema mimi msahaulifu. Nikawa najiambia, labda kweli aliniambia nimpeleke, mimi ndiye sikusikia. Nimelala na hilo."

Nililia, Hadija. Sikumbuki mara ya mwisho nilipolia mbele ya mwanamume asiye baba yako. Yeye hakulia na hakunibembeleza, na sikutegemea anibembeleze. Alisubiri nimalize, kisha akauliza, "Utalisema hilo mbele ya shemeji yangu?" Nikasema nitalisema. Akasema, "Ijumaa asubuhi, basi, kabla hajafungua duka." Ijumaa ni kesho. Nilifikiri kumwambia kwamba Ijumaa mwanangu anasafiri. Nikaona sina mdomo wa kumwomba mtu huyu anisogezee siku.

Barua ya mkuu wangu wa kazi niliipeleka jana, yote nimeeleza. Atakachoamua ataamua. Baba yako nilimwambia juzi. Aliuliza kama tuna unga, jambo ambalo kwake ni namna ya kusema kwamba haniachi. Kwa mjomba nitachukua simu na nitawafungulia ile historia, siku na saa, wasome wenyewe kopi zote mbili. Nilidhani nimefuta, kumbe simu ilikuwa imetunza.

Hiyo programu endelea nayo. Sina ugomvi nayo, na bila hiyo ningekuwa bado nagombana na mchwa. Nitakuambia tu ninavyofanya siku hizi, wewe utaona mwenyewe. Tiki siigusi mpaka sindano iwe imetoka kwenye ngozi ya mnyama, hata foleni iwe imefika barabarani. Nikipanga jambo, naliandika kama jambo nililolipanga: nitampitia. Linabaki pale linanikera, na nimejifunza kukereka. Nikikosea nashuka mstari wa chini, naweka tarehe, naandika kwamba pale juu nilikosea. Kurasa zangu sasa ni mbaya kuzitazama. Na mtu akinipigia kuniuliza kama nilifanya kitu, kabla sijafungua simu najiuliza kwanza kama nakumbuka kukifanya. Kama sikumbuki, nasema sikumbuki. Mara ya kwanza niliona aibu kulisema, maana daktari hatakiwi kusema hivyo.

Huko uendako watakupima kwa kurasa zako, kwa sababu hawana muda wa kufuata mbwa dunguni. Utasifiwa kwa orodha iliyojaa. Utaipenda ile sifa, nakufahamu, umeitoa kwangu. Sikatazi. Ila atakuwepo na Mhina wako huko, mtu wa maneno machache, atakayeuliza swali moja tu kwa heshima zote na kusubiri umjibu.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, safari ni ndefu na utakuwa na dirisha. Ukitaka kuniuliza lolote, uliza, na safari hii nitajibu lilivyo. Wenzako wa kazi wakikuuliza kama wewe ndiye binti wa yule mama wa Handeni aliyewafundisha watu kuandika kwenye simu, usinilindie jina. Waambie ndiyo, kisha waeleze na hili.

Nakupenda, na ninaona fahari juu yako, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kile nayaandika hayo bila kuhisi nimeyapata kwa wizi.

Basi lako litapita Kabuku kama saa moja na nusu. Duka la mjomba wa Mwanahawa liko kushoto, linaonekana toka barabarani, bati lake la kijani. Mlango utakuwa bado umefungwa. Usiteremke. Nitakuwa nyuma ya mlango ule, Mhina amekaa mbele yangu na shemeji yake pembeni, nikiwaeleza kwamba aliniuliza kama ampeleke mtoto hospitali, na mimi nikamwambia hakuna haja.

Mama yako